Akina Mama wa Chumba cha Pili

Kazi yangu ilikuwa kukusanya mate. Nasema hivyo bila haya, maana kazi ni kazi, na jina la Mama Mate nililipokea kwa moyo mmoja. Nilikuwa nimefanya kazi ya uhudumu katika wodi ya wazazi miaka thelathini, nikastaafu, nikakaa nyumbani miezi minne nikigombana na mke wa mwanangu juu ya sufuria, mwisho nikaona heri nirudi kazini kabla hatujatoana macho. Ndipo nilipokutana na Daktari.

Huyu si daktari wa sindano. Ni wa vitabu, mtafiti wa saikolojia, mwanamke wa miaka hamsini na minne ambaye miwani yake imeshikizwa mguu kwa plasta. Wenzake wa rika moja walishakuwa maprofesa. Yeye kwa miaka ishirini na sita alifanya utafiti wa watu wengine, akawapangia majedwali yao, na jina lake kwenye makala likawa linakuja la tano au la sita, kule mwisho ambako msomaji ameshachoka. Utafiti wa akina mama ulikuwa wa kwanza kuwa wake mwenyewe. Kwa jinsi kustaafu kwake kulivyokaribia, ulikuwa wa mwisho pia.

Siku ya kwanza alinikalisha akanieleza.

"Dada, mama akimpakata mtoto wake, mwili unatoa homoni inayowaunganisha. Inaitwa oksitosini. Iko nyingine, kotisoli, hiyo hupanda mtu akiwa na wasiwasi. Nataka kujua: mama mwenye hofu akimpakata mtoto nusu saa, hofu inashuka kwa sababu ya mtoto, au ingeshuka tu hata angekaa peke yake?"

"Si ungeniuliza mimi," nikamwambia.

"Ningekuuliza. Lakini wakubwa hawataki neno lako, wanataka mate."

Tulikuwa na vyumba viwili vilivyofanana mpaka pazia. Katika chumba cha kwanza mama alikaa na mtoto kifuani. Katika chumba cha pili alikaa peke yake, mtoto akiwa kwa muuguzi ukumbi wa pili. Wote walikuwa akina mama wapya wenye wasiwasi, wale wanaoamka mara kumi kusikiliza kama mtoto anapumua, wale wanaoogopa hata kumwogesha. Mama alitema mate kwenye kichupa kabla ya kukaa, akatema tena baada ya nusu saa, mimi nikabandika namba na kuweka kwenye friji la barafu lililokuwa linanguruma kama lina kisirani na mtu. Mlangoni mwa chumba cha pili palibandikwa karatasi: asiingie mtu yeyote.

Daktari alifika kabla ya wafagiaji. Chakula chake cha mchana kilikuwa biskuti juu ya kompyuta. Mumewe alifanya kazi mji mwingine, na simu zao zilikuwa za tangi la maji na bati linalovuja. Wakimaliza, yeye alibaki ameishika simu kana kwamba kuna jambo alilisahau. Binti yake aliyekuwa chuoni alijibu ujumbe kwa neno moja, tena siku ya tatu. "Nasomea mama na mtoto," aliniambia mara moja huku akisugua macho, "na mtoto wangu nampata kwa miadi." Alikuwa na ule uchovu ambao usingizi hauuwezi.

Ilichukua miaka miwili kufikisha akina mama mia moja na kumi na wanane, hamsini na tisa kila chumba. Kisha akaja mtakwimu, kijana nadhifu tuliyemwita Bwana Asilimia, akafungua kompyuta yake mezani. Hofu ilikuwa imeshuka vyumba vyote viwili. Chumba cha pili ilishuka zaidi kidogo.

"Maana yake mtoto hana kazi," alisema Bwana Asilimia. Nilitamani kumzaba kibao.

Daktari hakubisha. Kwa wiki tatu alitafuta kosa. Alipima joto la friji asubuhi na jioni, akarudisha vichupa maabara vikapimwe upya, akapitia fomu moja moja kwa kidole. Sketi ikaanza kumpwaya, akaishika kwa pini. Siku moja nilimpelekea chai, akaniambia bila kuinua kichwa, "Huenda sikukosea hesabu, dada. Huenda nilikosea kuchagua kazi."

Na mimi nilikuwa najua.

Wa kwanza alikuwa binti wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nje ya mlango wa chumba cha pili na saa yangu, nikamsikia analia. Miguu hii imetembea wodini miaka thelathini. Haijui kusimama nje ya kilio. Niliingia dakika moja tu. Nikamshika mkono, nikamuuliza amekula nini, mama yake yuko wapi, dakika ikawa ishirini. Wa pili naye akalia. Baadaye sikungoja hata walie. Msinione mkaidi, karatasi ya mlangoni niliisoma. Lakini sikujihesabu. Miaka yote ile madaktari walipita wodini wakisema chumba kitupu na mimi nimesimama pale na beseni, nikazoea kujiona kama kiti. Sikuwaza kwamba mate ya mtu yanaweza kubadilika kwa ajili yangu. Nilipoona zile hesabu za Bwana Asilimia ndipo nilipoelewa, na kwa wiki tatu nikanyamaza kwa woga. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Mficha uchi hazai. Jumatatu moja nilipiga moyo konde nikaingia ofisini kwake.

"Daktari, friji halina kosa. Kosa ni langu. Nilikuwa naingia chumba cha pili."

Aliniangalia. "Kwa wangapi?"

"Wengi."

"Wangapi, dada?"

"Hamsini na watatu. Sita walisinzia."

"Miaka miwili!" alipiga kelele, akapiga meza, kikombe kikapinduka, chai ikakimbilia fomu. Tukarukia kitambaa wote wawili, tukapangusa pamoja bila kutazamana. Wiki nzima baada ya hapo alizungumza nami kwa namba tu: kichupa themanini, fomu kumi na mbili. Ningependa zaidi anitukane.

Bwana Asilimia hakuona tatizo. "Hili tunalijua sisi watatu. Tuandike kwamba kupumzika kunatosha. Hofu imeshuka, takwimu ni safi."

"Nikiandika hivyo," Daktari alimjibu, "kesho watawafungia akina mama peke yao na kusema utafiti umeruhusu."

Akaiandikia kamati ya maadili ya utafiti barua, akaeleza kila kitu. Kamati ikamruhusu kurudia chumba cha pili na akina mama wapya hamsini na tisa. Ilikuwa imebaki miezi kumi na moja astaafu, na mtu yeyote angeweza kuona kwamba hata mama mmoja wa kupoteza hakuwepo.

"Na mlangoni atakaa nani?" aliuliza Bwana Asilimia.

"Yeye yule. Sasa anajua kwamba na yeye ni mtu."

Wa kwanza wa marudio alikuja Jumatano saa nne asubuhi, fundi cherehani mwenye mtoto wa wiki sita. Daktari mwenyewe alimwonyesha kengele ukutani. "Ukichoka au ukijisikia vibaya, bonyeza, tunaacha hapo hapo. Hakuna atakayekulaumu." Akatoka, akafunga mlango, akakaa na mimi kwenye benchi.

Dakika ya nane kilio kikaanza, kile cha chini, cha mtu anayejiziba mdomo asisumbue watu. Nilishika ukingo wa benchi.

"Atabonyeza kengele," Daktari alisema.

Hakubonyeza. Nami ningeweza kumwambia kwamba hatabonyeza. Mwanamke wa namna ile hata uchungu ukimkaza humwomba muuguzi radhi.

Dakika ya kumi na moja nikasema, "Daktari."

"Kaa, dada."

Nikakaa. Nilihesabu vigae vya sakafu mpaka ukutani nikaanza upya. Nilimchukia kidogo, sitaficha, na nilijichukia zaidi, maana ni mimi niliyetufikisha pale. Yeye alikuwa ameinama, viwiko juu ya magoti, macho kwenye saa.

Dakika ya kumi na nne akainuka, akafungua mlango.

Fundi cherehani alikurupuka akijifuta uso kwa kanga. "Samahani. Nimewaharibia?"

"Hujaharibu kitu, mama. Kaa."

Daktari aliketi sakafuni kando ya kiti cha yule mama, ingawa goti lake moja ni bovu, akamshika mkono. Sikusikia walichozungumza. Wala sikuingia, kwa mara ya kwanza hapakuwa na haja. Walikaa hivyo mpaka nusu saa ikaisha na mtoto akaletwa.

Alipotoka alinipa fomu. "Mtoe huyu."

Fomu ina mstari wa sababu ya kumtoa mshiriki. Nikamuuliza niandike nini.

"Andika kilichotokea."

Niliandika: mtafiti alishindwa kuvumilia. Aliisoma mara mbili, akaweka sahihi, kisha akaniuliza mama anayefuata anakuja saa ngapi.