Debe la Udongo kutoka Mbeya

Tangu mke wangu aniache kwa kifo, kila nikishika jembe namtafuta kwa macho. Alipoletwa Iringa, miaka ile ya hamsini, hakuja na masanduku. Alikuja na debe la udongo juu ya basi, mweusi, mwepesi, wa shamba la mama yake huko milimani Mbeya. Debe lilikuwa zito kuliko basi lenyewe.

"Kwetu sota wanafia ardhini," aliniambia. Sota ni viwavi wanaokata miche ya kabichi shingoni. Kwao waliwafukua wamelegea, rangi ya kahawia, wamekufa. Ndiyo maana bibi harusi alipewa udongo, akaumwage kwenye bustani mpya.

Tukaumwaga. Nami nikaushindilia kwa gogo kama tunavyoshindilia sakafu, mvua isiuchukue. Baada ya wiki mbili sota walikuwa wanene kama ndama, na kabichi hakuna.

"Ninyi Wahehe mna udongo wa kujengea," alisema, "si wa kulimia."

Akafunga khanga zake, akarudi kwa mama. Hakugomba. Afadhali angegomba.

Bwana shamba alikuwa akipita kwenye darasa letu la jioni la watu wazima. Nikamweleza.

"Ndugu, kwenye udongo ule wa Mbeya mna minyoo midogo, jicho haliioni. Inapita kwenye unyevu katikati ya chembe za udongo, inamwingia sota na kumuua. Kwenye udongo wenu wa mfinyanzi haina njia. Na wewe ukaongeza gogo."

"Nitie mchanga?"

"Mchanga mtupu unakauka upesi, minyoo itakufa. Changanya na samadi, tifua, unyevu usikatike."

Nilibeba mchanga wa Ruaha Mdogo hadi mto ukabaki uchi, nikauchanganya na samadi. Nyumba ilikuwa kubwa kama kanisa. Nilikula ugali nikitazama mlango. Msimu uliofuata nikapanda, nikafukua. Sota mmoja, kahawia, amelegea.

Siku hiyohiyo nikaandika barua yangu ya kwanza maishani: Wamekufa mia mbili. Rudi.

Alishuka basi juma la pili, hata salamu hakunipa.

"Nionyeshe hao mia mbili."

Tulichimba hadi viganja vikachubuka. Tukapata watatu. Akachota udongo, akaunusa, akatazama upande wa Mbeya.

"Bado si wa kwetu," alisema. Kisha akauliza miche iliyobaki nimeiweka wapi.