Nilifunga mkaja nikapiga gurudumu la tumbo, sasa nakiogopa kitovu changu

Salaam wakuu. Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu, huu ni uzi wangu wa kwanza. Shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo mwandiko mnisamehe. Lakini haya yamenitokea mwilini mwangu, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Mimi mzaliwa wa Kipini, nimeolewa hapa Garsen. Nina mtoto wa miezi saba, ni wa tatu.

Tumbo halikurudi. Kwa wale wawili wa mwanzo lilirudi lenyewe. Kwa huyu limegoma.

Siku moja kwenye foleni ya kliniki ya watoto, mama mmoja aliinuka akanipa kiti. "Kaa mama, usisimame na hali hiyo." Na mtoto yuko mgongoni! Nilikaa. Niliona haya kumwambia hakuna hali yoyote.

Basi nikaanza kutazama video za mazoezi kwenye simu. Nikaamua ninunue kifaa nifanyie chumbani, maana kukimbia barabarani na buibui hapa mjini ni kujitafutia maneno.

Kuna muuza mtumba hapa, kando ya viatu huwa na vitu vya mazoezi. Siku hiyo alikuwa na vitatu.

Benchi la sit-up. Zuri, lakini chumba chetu kina kitanda na magunia ya mpunga, ningeliweka wapi?

Springi ya kukanyaga kwa miguu ukaivuta kwa mikono. Ilikuwa na kutu, nikaogopa ikikatika itanitoa jicho.

Cha tatu ni gurudumu dogo lenye vishikio pande mbili. Unapiga magoti, unalisukuma mbele mpaka mwili unyooke, halafu unajivuta kurudi. Linaingia chini ya kitanda. Nikachukua hilo.

Wakuu, oneni nilivyochagua. Niliangalia ukubwa wa chumba, sikuangalia hali ya tumbo.

Na yule muuzaji nisimsingizie. Aliniuliza, "Dada, una mtoto mchanga? Hili ni kali." Nikamwambia mtoto wangu yuko nasari. Uongo. Wa nasari ni yule wa pili.

Sasa hapa ndipo nilipojiongezea. Kwenye video niliona wanyanyua vyuma wamefunga mkanda mpana kiunoni. Mkanda sina, ila nina mkaja. Kwa wasioujua, mkaja ni ile nguo ndefu ambayo kwetu mzazi hufungwa tumboni ndani ya arubaini yake. Mama mkwe ndiye aliyenifunga nilipojifungua. Nikautoa sandukuni, nikajikaza mpaka pumzi ikawa ya juu juu. Nilidhani utanishikilia.

Siku nne mambo yalikwenda. Ya tano, asubuhi, mtoto amelala, nikajisukuma mbali zaidi ya siku zote. Katika kurudi nikasikia kitu kinasogea kitovuni. Hayakuwa maumivu. Ilikuwa kama mtu ananidukua kwa kidole kutoka ndani.

Nikaufungua mkaja. Kitovu kimetokeza nje, laini, ukubwa wa kunazi, lile tunda dogo.

Nililala chali pale sakafuni, naogopa hata kusimama. Nikajua utumbo huo unatoka. Nikawaza, nikikatwa hospitalini, huyu mtoto atanyonya nini?

Baada ya muda kikazama chenyewe. Nikakohoa kidogo kujaribu. Kikatoka tena.

Siku mbili sikumwambia mtu. Nilipika, nikafua, mkono mmoja kazini, mmoja umeshika kitovu. Mume wangu aliniuliza kama tumbo linauma, nikamwambia gesi. Simlaumu kwa kuniamini.

Aliyenikamata ni mama mkwe. Alikuja kutoka Kipini kumwona mjukuu, akaukuta mkaja juu ya kitanda.

"Huu wafanya nini nje? Una uzazi mwingine?"

Nikamweleza yote, na gurudumu nikalitoa chini ya kitanda. Akaligeuza huku na huku.

"Hili si la wilbaro hili? Wapeleka mchanga wapi, mwanangu, na tumbo bichi?"

Nikacheka. Kitovu kikatoka. Nikaanza kulia.

Akainama akakitazama. Mzaha ukamwisha.

"Vaa buibui lako. Mtoto nipa mimi."

Njiani aliniambia, "Nilikwambia mkaja ni wa kutulia, si wa kufanyia kazi." Labda aliniambia. Sikumbuki, lakini siwezi kuapa kwamba hakuniambia.

Hospitalini, daktari alinilaza chali, akaniambia niinue kichwa, akapitisha vidole katikati ya tumbo. Vitatu viliingia. Akasema misuli iliachana wakati wa mimba na bado haijakutana, na pale kitovuni pana ngiri ndogo.

"Gurudumu lasukuma, nguo yabana. Tumbo litokee wapi?"

Nikamuuliza kama nimejiua.

"Hapana, mama. Huenda ilikuwepo hata kabla. Maadamu inarudi ndani, tuna nafasi. Ikiwa ngumu, ikiuma, isirudi, ama utapike, usingoje mtu. Njoo saa yoyote."

Gurudumu akalipiga marufuku. Kanielekeza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na kwa sasa nalala chali, nakunja magoti, natoa pumzi polepole nikivuta kitovu ndani. Mazoezi yenyewe hayo tu, hayataki kifaa. Kuhusu kukatwa, amesema tutaona baadaye. Hilo neno "tutaona" ndilo linaloninyima usingizi.

Nililojifunza: dada uliyezaa, kabla hujachagua kifaa, kwanza upimwe tumbo. Na anayekuuzia akikuuliza swali, mjibu kweli. Gurudumu sisemi ni baya, wala mkaja. Ubaya ulikuwa kuvifunga pamoja, na aliyefunga ni mimi.

Leo asubuhi nilikuwa nachekecha unga, chafya ikanijia ghafla, mikono yote miwili iko kwenye chekecheo. Nikapiga chafya. Sikuthubutu kutazama chini.

Halafu nikagusa. Kilikuwa ndani.

Waliopitia haya, niambieni kwa ukweli hata kama ni mchungu: ndiyo kimeanza kupona, au imekuwa bahati ya chafya moja tu?