Nilivyomtafuta fundi umeme mwenye leseni kule Igogo, fimbo ya shaba ikaishia kwenye mchicha wa jirani niliyenuniana naye

Wakuu, habari za Jumapili. Wakubwa zangu wa humu shikamooni, na wadogo marahaba kabisa kabla hamjasahau.

Leo asubuhi nimekumbuka kisa changu cha miaka ya tisini pale Igogo, Mwanza, nikacheka peke yangu jikoni mpaka mjukuu akaja kuangalia kama bibi yuko salama. Nikasema hiki lazima nikiweke humu.

Sitaongeza chumvi. Chumvi yenyewe daktari kanikataza.

Miaka ile soko huria ndiyo kwanza limefunguka. Maduka yaliyokuwa na sabuni na viberiti tu, ghafla yana feni, pasi, redio kaseti. Ila huku nako mashirika yanapunguza watu. Mimi nilikuwa karani wa stoo kwenye shirika moja la pamba. Siku moja tukaitwa, tukapewa barua na kiinua mgongo, tukaambiwa asanteni sana.

Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikafuta machozi nikawaza: wachuuzi wa samaki pale Mwaloni, Kirumba, kila siku wanahangaikia barafu. Nikanunua friza la mtumba. Kubwa, jeupe, la kufungulia juu. Kiinua mgongo chote kikaingia humo.

Kwa hiyo mjue mapema: friza likifa, na mimi nimekwisha.

Nyumba yetu ilikuwa juu kwenye mawe. Waliofika Igogo wanajua, unajenga katikati ya majabali kama pimbi. Umeme tulikuwa nao, na aliyeufunga ni shemeji yangu Masanja, mdogo wake mume wangu. Masanja alikuwa fundi redio. Fundi redio mzuri sana. Sasa sisi kwa akili zetu tukaona redio inatumia umeme, nyumba inatumia umeme, tofauti iko wapi?

Wakuu, msicheke bado.

Friza likachomekwa, likaanza kunguruma, nikapiga kigelegele. Nikalishika mlango nifungue.

LIKANIPIGA.

Siyo kukutupa ukutani, hapana. Ni ule mtetemo unaopanda mkononi mpaka kwenye meno. Nikamwita Masanja. Akalizunguka mara mbili, akasema, "Shemeji, hili ni la Ulaya, lina nguvu. We vaa ndala tu."

Na kweli, ukivaa ndala halipigi! Basi ikawa sheria ya nyumba. Watu kwingine wanaingia wanavua viatu, kwangu unaingia unavalishwa. Nilikuwa na ndala za akiba pale mlangoni. Hata mzee wa kanisa alipokuja kututembelea akataka maji baridi, akavaa za kwangu za pinki zenye maua, akafungua, akashukuru, akaombea nyumba.

Tuliishi hivyo miezi miwili tukiona ni kawaida. Hapo ndipo mjue ujinga ni mzigo mwepesi, unaubeba hata husikii.

Siku moja mama mkwe akaja kutoka Kisesa na kuku wawili waliokwisha chinjwa, na mtama. Mume wangu hakuwepo, alikuwa baharia wa meli za humu ziwani, wiki hii Bukoba, wiki ijayo Ukerewe. Mimi niko nje nachambua mboga. Bibi wa watu akaosha kuku jikoni, akataka kuwaweka kwenye friza, peku, mikono imelowa.

Nilisikia kishindo tu.

Nimekimbia, nimemkuta amekaa chini, kuku wamesambaa, ananitazama kwa mshangao. Alikuwa mzima, Mungu mkubwa. Nilipiga magoti nikamshika mikono yote miwili.

"Mama, pole. Mama, umeumia?"

Akasema taratibu, "Mkwe wangu, hilo sanduku lako lina nyoka."

Kesho yake akarudi Kisesa. Pale mlangoni akaniambia, "Nitarudi nikishavuna. Nikute nyoka ametoka, au sanduku limetoka."

Sikulala kwa amani tena. Ningekuwa nimemuua mama wa mume wangu kwa ajili ya barafu. Hapo ndipo nikasema sasa basi, namtafuta fundi wa kweli, aliyesomea, mwenye leseni.

Nikaenda mjini duka la vifaa vya umeme. Muuzaji akafikiri, akasema, "Yupo mzee mmoja Kirumba, Mzee Bwire. Alikuwa fundi mkuu wa umeme kiwanda cha nguo, naye amepunguzwa. Leseni anayo. Ila nakuonya dada, anasumbua."

"Anasumbuaje?"

"Anakataa kazi. Akiona hujanunua waya wa saizi yake, anaondoka."

Nikajua huyo huyo!

Nikamkuta kwake amekaa na miwani, anasoma gazeti la zamani kama la leo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitikia marahaba, akaingia ndani, akatoka na leseni yake kwenye mfuko wa nailoni, akanipa niisome kabla sijasema shida yangu. Mpaka leo sijawahi kuona mtu akijitambulisha vizuri namna ile.

Nikamweleza. Hakucheka. Swali lake lilikuwa moja tu, "Nyumba iko juu ya jiwe?"

"Iko juu ya jiwe."

Akaguna.

Alipofika kwangu, saa nzima hakushika kitu. Anaangalia tu na kuandika kwenye daftari la shule. Kisha akazima swichi kuu, akafungua soketi ya jikoni, akavuta waya ukaja mwembamba kama kamba ya kiatu. Akaugeuza geuza.

"Mama, huu ni waya wa spika. Aliyefunga hapa alitaka nyumba iimbe?"

Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, vyote vikatoka pamoja.

Akanieleza polepole kama mwalimu. Kwamba nyuma ya friza kuna waya umechubuka unagusa bati. Huo atautengeneza. Lakini waya wowote unaweza kuchubuka kesho, ndiyo maana nyumba lazima iwe na earth, yaani waya unaochukua umeme uliotoroka na kuupeleka ardhini, ili fyuzi ikatike kabla mtu hajapigwa. Nyumba yangu haikuwa nao kabisa. Ile ardhi ilikuwa ni sisi wenyewe!

Akamwita Masanja pia. Nilidhani atamgombeza, wapi. Akamkalisha, akamwonyesha kimoja kimoja. Masanja akainamisha kichwa, akasema, "Mzee, mimi nirudi kwenye redio zangu." Na akarudi kweli, hajawahi tena kugusa nyumba ya mtu.

Siku tatu Mzee Bwire kabadilisha waya zote. Mimi ndiye nimemshikia ngazi na kumpa koleo, siku ya tatu nilikuwa najua majina ya vifaa kuliko majina ya wanakwaya wenzangu. Ikabaki kupiga chini fimbo ya shaba ya ile earth.

Sasa hapo ndipo uhondo.

Tukaanza nyuma ya nyumba. Akapiga nyundo. Tii! Jiwe. Tukahamia kwenye mpapai. Tii! Jiwe. Pembeni ya choo, jiwe. Mbele ya baraza, jiwe. Nikashika jembe mwenyewe, naparua huku na huku kama kuku mwenye vifaranga. Kiwanja kizima ni jabali moja limevaa udongo kama poda.

Mzee akakaa kwenye ngazi akafuta miwani. "Umeme hauzami kwenye jiwe, mama. Unataka udongo mbichi. Bila hivyo sikuachii nyumba hii."

Akatazama chini ya mteremko. "Kule kwenye mchicha ni kwa nani?"

Nikaweka jembe chini.

Kule ni kwa Mama Kulwa. Na mimi na Mama Kulwa tulikuwa hatusalimiani mwaka wa pili. Tukikutana kisimani yeye anaangalia ziwa, mimi naangalia mlima. Sababu ni maji yangu ya kufulia, yalikuwa yanateremka moja kwa moja kwenye bustani yake. Alikuja kulalamika, nikamjibu maji hayana macho. Nilimjibu vibaya, wakuu, nakiri.

Nikamwambia mzee, kule haiwezekani. Akaanza kufunga mkoba wake wa vifaa. Anafunga kweli! Yule muuzaji alinionya.

Nikamkimbilia. "Subiri mzee. Naenda."

Hatua ishirini tu za kushuka, lakini nilizihisi kama naenda Shinyanga kwa miguu. Mama Kulwa alikuwa anapalilia. Nikasema hodi. Akanyoosha mgongo, hakuitikia.

"Mama Kulwa, nimekuja kukuomba radhi. Na nimekuja kukuomba udongo."

Nikamsimulia yote, ndala, mama mkwe, waya wa spika. Nilipofika kwa mzee wa kanisa na ndala za pinki nikaona mdomo wake unacheza. Anajizuia. Ukamshinda. Akaangua kicheko mpaka akaegemea jembe.

"Kwa hiyo unataka udongo mbichi," akasema akifuta macho. "Na unajua ubichi wake umetoka wapi?"

"Kwangu," nikasema.

"Kwenye maji yako ya kufulia! Miaka miwili nalaani maji haya, kumbe namlowekea fundi wako udongo!"

Tulicheka, wakuu. Tulicheka tukashikana mabega.

Akakubali kwa masharti mawili: nichimbe mtaro maji machafu yapite pembeni, na Mzee Bwire aikague nyumba yake pia. Nikasema hata matatu!

Fimbo ikazama kwenye ule udongo kama kisu kwenye ugali. Waya ukapandishwa kwangu ndani ya bomba, katikati ya mawe. Mzee akapima na kipimo chake mara tatu, akaandika, akawasha swichi kuu. Friza likanguruma.

"Haya mama," akaniambia. "Vua ndala. Lowesha mkono. Shika."

Nikavua. Nikalowesha. Mkono ukagoma. Wakuu, naapa, mkono ulisimama hewani, nawaza bibi yule chini na kuku wake.

Mama Kulwa, aliyekuja kushuhudia, akaniangalia, akasonya, akachovya kiganja chake kwenye ndoo na kukibandika PAAH juu ya friza, peku.

Kimya.

"Limepoa tu," akasema. "Kama paja la samaki."

Samaki hana paja! Lakini nani alijali? Nikabandika na mimi mikono yote miwili, halafu shavu. Tukaanza kuruka na kupiga vigelegele pale jikoni, watu wazima, Mzee Bwire amesimama na bisibisi anatabasamu kwa mbali kama mchungaji kwenye harusi.

Mama mkwe alirudi baada ya mavuno, akanusa nusa jikoni, akauliza nyoka yuko wapi. Nikamwambia ameshushwa chini kwa jirani, amefukiwa kwenye mchicha. Akaridhika kabisa.

Biashara ilikwenda vizuri. Barafu zangu zilikuwa zinafika Mwaloni alfajiri, na baadaye Mama Kulwa tukaingia naye ubia.

Lakini kabla ya kuondoka, Mzee Bwire aliniachia agizo moja: kiangazi, kila Jumamosi, nimwagie ile fimbo ndoo moja ya maji safi, udongo usikauke.

Kwa hiyo kila Jumamosi ilinibidi nishuke kwa Mama Kulwa na ndoo. Na huwezi kuingia kwa mtu na ndoo usimsalimie. Na ukisalimia unakaribishwa uji. Na uji haunywewi kwa kusimama.

Miaka kumi na moja nimemwagia fimbo ile. Jumamosi nyingine hata masika, mvua inanyesha, nashuka na ndoo yangu. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Nilichojifunza: mtu anayejua redio ni fundi wa redio, mwacheni huko huko. Fundi wa nyumba mwambieni awaonyeshe leseni, na akikataa kazi yenu kwa sababu haijakaa sawa, mkimbilieni kabla hajafika barabarani. Na kitu kikikupiga shoti nyumbani, usikitafutie ndala.

Nyie je, wakuu? Nani mwingine hapa aliishi na friji, pasi au bomba la maji linalopiga akaona ni kawaida? Mafundi wa humu, nirekebisheni pale nilipokosea, sitanuna. Nimeweka uji jikoni, nasoma majibu yenu.