Mkubwa wa Watatu

Baba mkubwa alipiga simu Ijumaa kusema kwamba Jumapili angekuja Issuna kumchukua mmoja wa wadogo zangu. Angempeleka kwake Manyoni, asome shule ya huko. Wote wawili asingeweza, kwa hiyo angemchagua anayejua Kiingereza zaidi.

Niliendelea kuishika simu hata baada ya kukatika. Mama alipokuwa anakata roho, mimi nikiwa kidato cha kwanza, alituachia neno moja: msiachane. Niliacha shule nikashika jembe, na tangu siku hiyo tumelala chini ya bati moja. Ningemkatalia vipi kaka wa marehemu baba? Na nikikubali, yule atakayebaki nitamwambia nini? Kwamba mwenzake alimzidi?

Jumamosi tulikuwa uani tunapiga alizeti. Wadogo zangu, wa kiume kidato cha pili na wa kike kidato cha kwanza, walikuwa wanaulizana Kiingereza huku fimbo zikishuka kwenye vichwa vikavu.

"Tall, taller, tallest. Haya, good?"

"Gooder," akasema wa kike.

"Gooder ya wapi hiyo? Better, best. Sema hivyo kesho, uone kama hujabaki hapa na kuku."

"Na wewe ukienda nani atakuamsha? Huko hakuna mtu wa kukumwagia maji."

Wakacheka. Mimi kicheko kilinigomea. Nikauliza, ili tu na mimi nionekane nipo, mkubwa wao kama mimi anaitwaje.

"Eldest, dada," akajibu wa kiume. "Lakini hiyo est inaanzia watatu. Mkiwa wawili unakuwa elder tu."

Fimbo yangu ikabaki juu. Kwa Kiswahili mimi ni mkubwa, wawe wawili au mmoja. Kumbe kwa Kiingereza mtu mmoja akiondoka, hata mimi ninayebaki nabadilika jina.

Jumapili baba mkubwa akashuka kwenye bodaboda, kofia kichwani. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia. Nikamnawisha mikono. Alikula, akajifuta mdomo, akawaita mbele yake.

Alianza na wa kiume, akamtaka alinganishe miji. "Manyoni is bigger than Issuna," mdogo wangu akasema bila kusita. "Dodoma is the biggest." Baba mkubwa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikayatupia macho mashati yao mawili yaliyokuwa kwenye kamba. Niliyafua asubuhi ile kwa sababu sikujua mikono yangu niipe kazi gani.

Kisha akamgeukia wa kike. "Na mimi? Who am I?"

Mtoto akajibu, "You are my bigger father."

Kaka yake akaguna. Baba mkubwa akacheka hadi kofia ikamteleza, maana ni mtu mfupi, mwembamba. "Mimi huyu niliyekonda hivi? Bigger than who?"

"Than our father."

Kicheko kikakatika. Aliivua kofia akaiweka gotini. Nilidhani amekasirika kwa kutajiwa marehemu. Alipofungua mdomo alisema Kinyaturu, lugha yetu ya nyumbani, ambayo hakuwa ameitumia tangu afike.

"Tulizaliwa wawili tu," alisema. "Sasa mimi ni mkubwa wa nani?"

Kuku walikuwa wanadonoa alizeti na hatukuwafukuza.

"Ninyi mko wangapi?" akauliza hatimaye, kana kwamba hajui.

"Watatu," nikasema. Sauti ilitoka kabla sijaipa ruhusa, nami sijawahi kumjibu baba mkubwa namna ile.

Akaivaa kofia. "Basi kaeni watatu kwanza. Shule zikifungwa nitakuja tuzungumze." Tukampa jogoo, akampakata, akaondoka.

Mdogo wangu wa kike anajua sasa kwamba baba mkubwa kwa Kiingereza ni uncle, na kaka yake bado anamtania. Mimi nimebaki na lile neno lake, kwanza. Kila bodaboda ikipunguza mwendo karibu na kwetu, naacha ninachofanya na kutazama uani kama wote wawili wapo.