Magunzi ya Gaju

Jirani yetu hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, anaitwa Apolline, sisi tunamwita Mama Gaju. Ni Mufuliiru wa upande wa Uvira, Kongo, anauza sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, na siku nyingine anaipeleka mpaka soko la Kakoba, Mbarara. Mume wake Ngoga ni Munyamulenge, anachunga ng'ombe za watu huko Rugaaga. Wanaishi na mama ya Ngoga, bibi Kanyange, ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Basi mtoto wao Gaju alizaliwa katikati ya lugha tatu: Kinyamulenge cha bibi, Kifuliiru cha mama, na Kiswahili cha kiwanjani.

Alifika miaka mitatu hasemi. Analia, anacheka, anakuvuta nguo, basi. Mama yake akampeleka hospitali Ruharo. Masikio yakapimwa, yakaonekana mazima. Muganga akasema waendelee kumsemesha. Hakusema kwa lugha gani.

Mama Bénédicte, shemasi wa kanisa letu, ndiye aliyesema. Ilikuwa kwenye foleni ya maji, mbele ya watu.

"Mama Gaju, ile kichwa ni kidogo. Munamupakiza luga kama punda. Toa moya."

Watu wakacheka. Apolline naye akacheka, lakini niliona anakaza kifuniko cha jerikeni ambacho kilishakazwa.

Atoe ipi? Ya bibi haiwezekani, bibi hana nyingine. Kiswahili ni cha wote. Akatoa yake. Kuanzia hapo akamsemesha mtoto Kiswahili tu, na hata nyimbo za kumbembeleza mgongoni akaziacha, maana kwa Kiswahili hazikumtoka. Gaju akaendelea kunyamaza.

Mimi si msemaji, na shule niliacha mapema, kwa hiyo ninatazama watu sana. Nilitaka kujua huyu mtoto anafanya nini akiwa peke yake nyuma ya jiko, fasi wanaanika mahindi. Siku moja nikakaa upande wa pili wa ukuta wa matete, ninapukuchua maharage, nikasikia sauti. Alikuwa anasema. Polepole, kama mtu anayeonja uji wa moto.

Nikachungulia kwenye matete. Alikuwa na magunzi matatu ya mahindi, ameyavalisha vipande vya kitenge. La kwanza analibembeleza kwa Kinyamulenge linywe maziwa. La pili analigombeza kwa Kiswahili: "Toka fasi yangu!" La tatu, lenye kitenge cha kijani cha mama yake, limelazwa chini, limefunikwa mpaka kichwa. Hilo halisemeshi.

Nikamwita Mama Gaju kwa mkono. Akaja, akasikiliza, akajishika mdomo kwa furaha. Kisha akaona kile kitenge.

Akazunguka ukuta, akachuchumaa mbele ya mtoto. "Huyu anagonjwa?"

Gaju akavuta kitenge, akalifunika gunzi vizuri zaidi.

Apolline akauliza tena, safari hii kwa Kifuliiru. Mtoto akamtazama usoni muda mrefu. Akalifunua gunzi, akalisimamisha, akajibu. Mimi Kifuliiru sijui, ikabidi niulize amesema nini.

"Amesema alikuwa amelala tu," Apolline akaniambia, na machozi yanamtoka.

Sasa Gaju ana miaka mitano. Akiwa na mama yake sokoni Kakoba, anamtazama mteja usoni kwanza, ndipo anachagua lugha, na Kinyankore, lugha ya wenyeji wa huku, ameshakiokota kule Rugaaga kwa baba yake. Nimemuuliza anajuaje. Anasema anaona tu. Mama Bénédicte anasema ni maombi yake. Jioni Gaju anambeba mdogo wake Pontien mgongoni na kumwimbia zile nyimbo za Kifuliiru, na mama yake akisikia amekosea neno, anamrekebisha kutoka jikoni.