Mfalme Anawe Mikono

Mimi ni mtu wa Lodwar, na sisi Waturkana hatujawahi kuwa na mfalme. Labda ndiyo maana nilipoandika mchezo wa kuigiza nilijipa mji mzima wa kifalme, na katikati yake mtaa wa majumba ya maonyesho, saba, yanatazamana. Jumba lenye pazia mimi sijawahi kuingia. Kikundi chetu hufanyia mazoezi Kakuma, nyuma ya ghala, na pazia letu ni turubai. Mkimbizi mmoja kutoka Kongo, fundi wa kuchora mabango ya vinyozi, alinichorea mtaa wangu juu yake. Majumba yote saba yalitoka na sura ya kibanda cha kinyozi. Nilimshukuru tu.

Hadithi ilikuwa hivi: mfalme anaufunga mtaa huo kwa sababu waigizaji wamemcheka, mji unapoa, na mwishowe anakuja kuwapigia magoti wafungue tena. Mfalme nilikuwa mimi. Nilitaka mama anione nikipiga magoti yale. Mama anafuga mbuzi kijijini Nakalale, na miaka yote akiulizwa kazi yangu husema, "Yuko mjini, anatafuta." Nikamwita aje aone kwamba nimepata.

Kisha akaja afisa wa shirika lililotupatia turubai. Alisoma kurasa zangu akiwa amesimama, injini ya gari lake ikinguruma.

"Hii kupiga magoti haina meseji," akasema. "Afanye kitu jamii inaweza kuiga. Anawe mikono."

"Mfalme?"

"Kwani mfalme hana mikono?"

Nilibadilisha siku hiyo hiyo. Sijivunii.

Siku ya onyesho wageni walikaa chini ya hema, wenyeji wakakaa juani. Akahutubu mgeni wa heshima, akahutubu aliyemkaribisha, akahutubu wa kuwashukuru wote wawili. Muda ulipokwisha afisa akaninong'oneza tuanzie mwisho. Basi mama, aliyetoka Nakalale juu ya lori la mbuzi, akamwona mfalme mwenye taji la katoni akisimama mbele ya vinyozi saba na kunyoosha mikono.

Mwenzangu akanimiminia maji kutoka kwenye mtungi wa plastiki. Tulikuwa tumeagizwa tuonyeshe hatua zote, polepole. Maji yakapita vidoleni, yakamezwa na mchanga. Watu walinyamaza kabisa, nami, mjinga, nikadhani nimewagusa. Walikuwa wanatazama maji.

Mama akainuka. Akaenda mpaka kwenye meza ya wageni, akazitoa soda zao kwenye beseni, akalileta na kuliweka chini ya mikono yangu.

"Endelea," akaniambia kwa Kiturkana.

Hakuna mstari wangu uliowahi kupigiwa makofi kama yale. Afisa alipiga picha. Baadaye nilimsikia akikiita kitendo cha mama ushirikishwaji wa jamii.

Wageni walipoondoka nilimuuliza mama ameuonaje mji wangu. Aliitazama turubai.

"Nyumba zote hizi za kuchezea," akasema. "Nani alikuwa anakwenda kuteka maji?"

Nilikuwa nimejenga majumba saba bila kisima. Niliona aibu, aibu hasa, nikapiga magoti niinue beseni la maji nimtwishe kichwani, taji langu likaanguka ndani.

Siku hizi, naambiwa, akiulizwa kazi yangu hasemi tena kwamba natafuta. Husema, "Yuko mjini, anamwaga maji."