Baridi Ilivyochagua Kuku wa Mke Wangu

Tarehe kumi na nne Mei, Jumanne asubuhi, mke wangu alikufa. Alikuwa ameketi kitandani na mto nyuma ya mgongo, kwa sababu miezi ya mwisho hakuweza kulala chali. Nilikuwa nimeenda jikoni kumletea chai. Niliporudi na kikombe, alikuwa ameshaenda. Daktari alikuwa ametuambia mapema kwamba mapafu yake yamechoka. Nilimuuliza yamechoshwa na nini, akasema huwa ni mambo mengi.

Tulimzika nyumbani kwa baba yangu, huko chini upande wa Busia, upande ambao mke wangu pia alizaliwa. Kanisani walimsifu vya kutosha, na mengine waliyosema hayakuwa kweli. Walisema alikuwa mpole. Hakuwa mpole, alikuwa na mdomo, na nilimpenda hivyo. Mimi sitarudia sifa. Nitaandika juu ya kuku wake, kwa sababu ndio waliobaki baada yake, na sasa hata wao hawapo.

Alipoolewa, mama yake alimpa mtetea mmoja. Kwao binti haondoki nyumbani bila kuku, ili nyumba anayokwenda isikose cha kumpikia mgeni. Mtetea huyo alikuwa wa shingo tupu. Kuanzia kifuani hadi karibu na kichwa hakuwa na nyoya hata moja, ngozi nyekundu iliyokunjamana. Huko chini kuku wa namna hiyo ni wengi. Jua likiwa kali, wale wenye manyoya shingoni hujificha chini ya ghala na kuhema midomo wazi, na hawa wa shingo tupu wanaendelea kuparura uwanjani. Mama mkwe wangu alijulikana kwa kuku hao. Watu walitoka mbali kuomba mayai yao ya kuatamisha.

Tulianzia maisha Huruma, mtaa wa mji wa huku juu kwenye baridi, katika chumba cha kupanga. Mimi nilikuwa mpakiaji wa magunia kwenye kinu cha mahindi, na mtetea alilala chini ya meza, kamba mguuni. Jirani mmoja wa mlango wa pili alituuliza nani amemnyoa kuku akaacha kazi njiani. Mke wangu akamjibu kwamba ni kinyozi yule yule anayemnyoa jirani mwenyewe. Ploti nzima ilicheka, na tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa kuku wetu.

Baadaye tulipata kiwanja kidogo Yamumbi, nje ya mji huo huo, tukajenga nyumba ya mabati na banda la mbao za mabanzi. Jirani yetu wa huko alikuwa mama mwenye duka, aliyehamia zamani kutoka upande wa Murang'a. Jogoo wake mwenye manyoya ya kawaida alivuka ua, na mtetea wetu akaatamia. Vifaranga walipoanguliwa, karibu nusu walikuwa wa shingo tupu na nusu walikuwa na manyoya. Mke wangu aliwainua mmoja mmoja na kuwaangalia shingo, akisema huyu wa nyumbani, huyu wa dukani, huyu wa nyumbani.

Kisha Julai ikafika. Anayejua Yamumbi anajua Julai yake: ukungu asubuhi, mvua kila alasiri, mara nyingine mvua ya mawe inayopiga mabati hadi watu wa ndani hawasikiani. Mama kuku akishawaacha watoto wake walale peke yao, hapo ndipo ilipokuwa taabu. Asubuhi mke wangu alifungua banda na kukuta wengine wamekakamaa kwenye kona. Hakufa kila mwenye shingo tupu, wala hakupona kila mwenye manyoya. Lakini waliokuwa kwenye kona walikuwa zaidi wa nyumbani kuliko wa dukani.

Alijaribu kila alichoweza. Aliweka jiko la makaa bandani, karibu achome banda lote. Alitundika magunia ukutani. Mwaka mmoja alikata soksi zangu, akawavisha vifaranga shingoni kama mikufu ya sufu. Wengine walizivua kwa kucha, mmoja akanyongwa na yake. Nilicheka nilipowaona wakizunguka uani na soksi zangu za kazini, naye akanikasirikia siku nzima. Alisema mimi sijui ni kitu gani kinakwisha pale.

Kweli sikujua. Mimi niliona kuku wapo. Kila mwaka walikuwepo, na kila mwaka wa shingo tupu walikuwa wachache kidogo. Waliopona baridi ndio waliotaga, na watoto wao wakawa kama wao. Hata kati ya wenye manyoya, waliopita Julai vizuri ni wale waliovaa mengi, wazito, wa miguu mifupi. Wa mwisho wa shingo tupu alikuwa mtetea mmoja kijivu. Mvua ya mawe ilimkuta nje na hakufika bandani. Baada yake hakuanguliwa mwingine tena. Mke wangu aliendelea kuwainua vifaranga na kuwaangalia shingo, kila uzao, miaka mingi, na alikuwa akiwarudisha chini bila kusema kitu.

Mama wa duka alimtania kwenye ua.

"Jirani, kuku wako siku hizi wamevaa sweta. Unaona? Walihisi baridi, wakaota manyoya."

"Hakuna aliyeota," mke wangu akasema. "Wasio na manyoya niliwazika mimi, kwa jembe hili."

Mama wa duka aliondoka akisema huyu mwanamke hataniwi. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni, na ninakiri kwamba hadi siku hiyo nilidhani kama jirani alivyodhani. Nilisoma hadi darasa la saba, na nilikuwa nikiamini kwamba mnyama akikaa mahali, mahali humfundisha, naye hubadilika. Jioni hiyo mke wangu alinieleza huku akichambua maharagwe. Baridi haikumfundisha kuku yeyote. Kuku aliyezaliwa na shingo tupu alikufa na shingo tupu. Baridi iliwatoa wengine tu, wengine wakabaki, na waliobaki wakazaa. Kuku mmoja habadiliki. Kinachobadilika ni banda.

Mama yake hakuambiwa kwamba wa shingo tupu wameisha. Walipoongea kwa simu, mama aliuliza kuku wake wanaendeleaje, na mke wangu akajibu wapo. Hakudanganya. Walikuwepo, na kila mmoja alikuwa ametoka kwa yule mtetea wa chini ya meza. Lakini nilikuwa nikimwona akishasema hivyo anageuza uso, na haraka anaulizia habari za mvua ya huko.

Siku ya mazishi, shemeji yangu, dada mdogo wa marehemu, alinivuta kando. Akaniambia mama anaomba kuku wake. Kwao mwanamke akifa, uzao wa kuku aliyeondoka naye hurudishwa nyumbani kwao, na hurudishwa wote. Kubakisha hata mmoja ni kama kusema mtoto wao bado anafanya kazi kwako. Nilimwambia nimesikia, wanipe muda nimalize kuvuna.

Sikutaka kuwatoa. Asubuhi nilikuwa nikifungua lile banda, wanatoka wakinizunguka miguu, na kwa muda huo mfupi nyumba ilikuwa kama haijapungukiwa. Lakini mama yake pia alikuwa mzee, ameketi huko chini bila kitu cha mtoto wake, na alichoomba kilikuwa haki yake. Palikuwa na kitu kimoja tu, na sisi tulikuwa wawili. Desemba niliwakamata wote, nikawafunga katika tenga, nikawapeleka. Sikubakisha hata yai.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawapeani mikono, hawaketi karibu, hawaongei uso kwa uso. Mimi niliketi nje kwenye kivuli cha nyumba, yeye ndani nyuma ya mlango, na shemeji katikati, akibeba maneno. Tulikuwa tukisikiana vizuri kabisa, lakini heshima ni heshima. Shemeji akafungua tenga. Kuku wakatoka, weusi na wa kahawia, wazito, wamejaa manyoya hadi vifundoni. Mama mkwe akawachungulia kupitia ufa wa mlango.

"Mwambie hawa si wangu," mama mkwe akasema.

"Mama anasema hawa si wake," shemeji akaniambia.

Nikaeleza. Nikamwambia shemeji amwambie kwamba ni wale wale, damu ya yule mtetea, ila baridi ya kwetu iliwaua wa shingo tupu mwaka baada ya mwaka. Wasioiweza walikufa, hawa ni watoto wa walioiweza. Nilijieleza vibaya. Mambo ambayo mke wangu aliyasema kwa maneno machache wakati wa kuchambua maharagwe, mimi niliyazungusha hadi shemeji naye akapotea.

"Mwambie kama wangu waliisha, aseme waliisha," sauti ikatoka ndani. "Asininunulie kuku wa sokoni akaniambia ni wa mtoto wangu."

Sikuwa na la kumwonyesha. Kama hata mmoja angekuwa na shingo nyekundu, yule mama angetoka nje akamshika. Nilitaka kuwarudisha Yamumbi, lakini kilichorudishwa hakichukuliwi tena, na shemeji alikuwa ameshawamwagia mahindi. Niliaga kupitia kwake. Nikabeba tenga tupu, nikaondoka.

Januari joto la huko likaanza. Shemeji ndiye aliyekuwa akinipigia. Alisema kuku wangu, ndivyo alivyowaita, kuku wangu, wanashinda chini ya ghala wameachama midomo na mabawa wameyatandaza. Kuku wa mama wako uwanjani wanakula. Wangu wanatoka jioni jua likilegea, na wakati huo chakula cha uwanjani kimeisha. Watetea wakaacha kutaga. Mmoja alikufa mchana mweupe, amelala kwenye vumbi alilojichimbia. Yale manyoya yaliyowavusha Julai zote za Yamumbi, huko ndiyo yaliyowachosha. Nilimwambia awawekee maji kivulini. Akasema ameshaweka.

Februari kideri kikaingia kijijini. Ugonjwa huo huko huja karibu kila kiangazi, na wengi hawana dawa yake. Yamumbi mke wangu alikuwa akiwatilia kuku matone ya kinga machoni kila msimu, kwa hiyo kideri hakikuwahi kupita katika banda letu na kuchagua nani abaki. Kwa mama mkwe kilikuwa kimepita na kuchagua mara nyingi. Kuku wake walikufa, lakini si wote. Wa kwetu walikaribia kuisha kwa juma moja. Shemeji alikuwa akipiga simu na kutaja rangi. Yule mweusi. Yule mwenye madoa. Wale wawili wa kahawia. Mimi nilikuwa nikiitikia tu, na nilimjua kila mmoja.

Akabaki jogoo. Huyu alipona kideri, sijui vipi, akawa anatembea na kuku wa mama bila nguvu, nao hawakumtaka. Niliomba moyoni apande hata mmoja. Nilijua hata akizaa, watoto wake wangekuwa wa huko, joto lingewachagua upya, na baada ya miaka hakuna mtu ambaye angesema hawa walipita kwa mke wangu. Bado niliomba.

Alikufa wiki iliyopita. Shemeji alinipigia mchana nikiwa kinuni, nikatoka nje ya kelele za mashine. Akanieleza wamemkuta asubuhi chini ya ghala, hana jeraha. Nikamshukuru kwa kuniambia. Akasema ngoja. Nikasikia simu inapita mkono hadi mkono, kisha nikasikia pumzi ya mtu mzee. Miaka yote tangu nimuoe binti yake hatukuwahi kusemezana moja kwa moja.

"Nimemshika," alisema. "Manyoya yake ni mengi, mkono unazama. Huko kwenu kuna baridi ya namna gani?"

Nikamwambia baridi ipo, hasa katikati ya mwaka, lakini watu huzoea.

"Kuku hawakuzoea. Wewe mwenyewe ulisema. Wasioiweza walikufa."

Nikasogea mbali zaidi na mlango wa kinu.

"Na mtoto wangu, aliiweza?"

Nilifikiria alichosema daktari, kwamba ni mambo mengi. Nilifikiria moshi wa kuni, na vumbi la kinu nililorudi nalo nyumbani kwenye nguo kila jioni, na Julai zile zote alizoamka kabla ya jua kwenda kufungua banda. Nilitaka kumpa jibu la kumsaidia kulala.

"Sijui, mama," nikasema.

Akamrudishia shemeji simu. Shemeji akaniuliza kama mvua imeanza huku. Nikamwambia imeanza.